Kilemba cha Mzee Spana

Siku ya kwanza fundi cherehani kumtia machoni Mzee Spana, aliinuka kitini akidhani katembelewa na balozi. Mtu aliyesimama mlangoni alivaa kanzu nyeupe isiyo na kola, shingoni kikining'inia kishada cha nyuzi kinachonukia uturi. Kichwani alikuwa na kilemba cha sufu chenye nakshi za rangi ya komamanga, kimetulia kana kwamba kazaliwa nacho. Fundi akatafuta salamu ya kumfaa mgeni wa namna ile, akaikosa. Mgeni akafungua mfuko wa plastiki, akatoa overoli iliyoganda grisi.

"Imechanika makalioni," alisema. "Ukiweza nishonee leo leo, maana kesho nina giaboksi ya kushusha, na sitaki wenzangu waione injini yangu."

Kumbe alikuwa makanika wa karakana ya mabasi, hapo ng'ambo tu ya barabara. Mchana kutwa alilala chali chini ya mabasi. Jioni alijisugua kwa sabuni ya unga na maranda ya mbao mpaka kucha zikaonekana, akavaa kanzu yake, akajifunga kilemba mbele ya kioo cha pembeni cha basi bovu, ndipo akatoka getini.

"Balozi, gari lako umeegesha wapi?" wenzake walimtania.

"Liko chini ya uchafu wenu. Lisafisheni nilione."

Fundi alikuwa mtu mwenye haya, wa kushinda na maneno matatu tumboni na mawili akarudi nayo nyumbani. Mzee Spana aliongea kwa niaba ya wote wawili. Overoli ilipopata kiraka, yeye alibaki kwenye benchi, akisimulia. Babu yake alikuja kutoka Uarabuni na sanduku moja. Lugha ikaishia kwa baba. "Mimi nimebaki na maneno ya kuombea na ya kutukania, basi," alisema. "Lakini nguo haikupotea. Babu alinifunga kilemba hiki nikiwa sijaota hata ndevu, nami nikajua kukifunga kabla sijajua kushika spana."

Mwanawe, mwenye duka la simu, hakutaka kujifunza. Alimpenda baba yake, ila alipenda zaidi apite njiani bila kutazamwa.

Kisha mzee akapatwa na kiharusi. Mungu alimrudishia miguu na ulimi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito kama jeki isiyo na mafuta. Karakana ikamwita aje aagwe. Siku mbili kabla, mwanawe akaja naye kwa fundi, amebeba suti mpya ya kijivu.

"Mpunguzie kiuno, Fundi. Baba amekonda."

Mzee alikaa kimya kwenye benchi, jambo ambalo fundi hakuwahi kuliona.

"Na kilemba?" fundi akauliza, akijishangaa kuwa ameuliza.

"Nani atamfunga? Yeye hawezi, mimi sijui. Tusiende kuchekesha watu."

Mwana alipotoka kupokea simu, mzee alichomoa kilemba mfukoni kwa mkono wa kushoto, akakiweka juu ya cherehani.

"Suti ni nzuri. Mtoto kanunua kwa mapenzi, sina neno. Lakini umri wote nimeingia geti lile na grisi, nikatoka na hiki. Siku ya mwisho nikitoka na suti, atakuwa ametoka nani?" Akamtazama fundi. "Mimi nitasema, wewe utakuwa mikono."

Fundi alizoea kupima viuno vya watu bila kuwatazama usoni. Kushika kichwa cha mzee wa watu lilikuwa jambo jingine kabisa. Hata hivyo akasema, "Nitajaribu, Mzee."

Alikiosha kile kilemba kwa maji baridi. Kisha, kwa kuwa ni fundi, na kwa fundi nguo iliyoheshimiwa ni nguo iliyonyooka, akakitia wanga, akakipiga pasi mpaka kikasimama chenyewe.

Siku yenyewe mzee alifika na kanzu, mwanawe nyuma na suti begani, endapo itahitajika. Fundi akatandaza kilemba mezani kwa fahari. Mzee akakipapasa.

"Umekipiga pasi."

"Na wanga kidogo," fundi akasema.

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Nimewahi kusikia kilemba cha ukoka. Wewe umenitengenezea cha bati."

Kitambaa kilichonyooka hakishiki kichwa, akaeleza. Kilemba husimama kwa mikunjo kuumana. Wakajaribu hata hivyo. Mzunguko wa kwanza ulimfunika macho. Wa pili ukakaa kama sahani juu ya mtungi. Ng'ambo, wenzake walikuwa wamekwisha kupanga viti.

"Baba, suti ipo," mwana akasema, si kwa ubaya.

Mzee aliinamisha kichwa, kikiwa kitupu, akatazama mkono wake mzito.

Fundi akainua ncha moja ya kilemba. "Kaka, weka suti hapo. Shika ncha hii."

Mwana alisita, kisha akaitundika suti msumarini. Wakakinyunyizia kile kitambaa maji, wakakikanda kama unga, wakakisokota huyu huku na huyu kule mpaka wanga ukasalimu amri. Kisha mzee akaanza kusema: kunja pembe kwa pembe, anzia juu ya nyusi, zunguka, kaza. Fundi alishikilia mikunjo. Mwana akazunguka kichwa cha baba yake na ncha mkononi, uso wake karibu na uso ule kuliko alivyopata kuwa tangu utoto.

"Vuta. Si yai hilo."

Kilipokwisha kilikuwa na unyevu, kimeinamia kushoto kama mtu anayesikiliza umbea. Mzee akajitazama kiooni kwa muda.

"Babu angenichapa," alisema. "Lakini angenitambua."

Walipovuka barabara, makanika walisimama wote. "Balozi, kilemba kimelewa," mmoja akasema.

"Kimetangulia sherehe. Mimi nakifuata," akajibu, na vicheko vikampokea getini.

Alipotoka jua lilikuwa limeshuka, mwanawe kamshika kiwiko. Hawakujificha upande wenye kivuli. Walipita katikati ya barabara. Mwezi uleule Mzee Spana alihamia kwa mwanawe, mbali na pale, na huko ndiko alikofia, kwa hiyo fundi hakumwona tena. Lakini jioni ile alisimama kwanza mlangoni pa fundi, akagusa kilemba nyuma ya sikio, palipolegea.

"Fundi, huyu bado anavuta kama mwizi wa kuku. Kesho akija kuchukua suti yake, usimpe mpaka ajue kufunga."