Amina ya Shangazi

Katika kanisa la shangazi yangu kule Karagita, mchungaji hasomi neno kabla watu hawajalipata. Anataja kitabu, sura na mstari, kisha anasema, "Ukipata sema Amina." Kurasa zinachakarika kama mvua inayoanza juu ya mabati. Halafu Amina zinadondoka, moja huku, nyingine kule, mpaka aridhike.

Nilikuwa nimehamia chumbani kwa shangazi kwa miezi michache, nimalizie kuandika riwaya iliyonishinda Nakuru mjini. Jumapili ya kwanza niliketi kando yake. Mchungaji akataja kitabu cha Hosea. Shangazi akafungua Biblia yake katikati, akautazama ukurasa kwa makini sana, akasema Amina kwa sauti tulivu. Nikachungulia. Alikuwa kwenye Zaburi.

Njiani tukirudi, tulipopita duka la mkaa, alinigeukia.

"Uliona," akasema.

"Niliona nini, anti?"

"Usinifanye mjinga. Uliona." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Miaka yote hii Amina yangu ni ya uongo. Kusoma najua. Lakini hii Biblia kwangu ni kichaka, nikiingia sijui nitatokea wapi. Nataka niseme Amina mara moja tu na iwe ya kweli."

Nikaahidi kumfundisha. Nilipokuwa naahidi ndipo nikagundua kwamba hata mimi sijui. Mimi hutumia simu: naandika jina, kitabu kinakuja chenyewe. Sikuwa nimewahi kujiuliza kinakaa wapi.

Jioni ile tulitoa viti vyetu vidogo nje ya mlango, chai ikiwa kwenye jiko. Upande wa pili wa ua, jirani yetu alikuwa akifua sare za watoto. Nilianza kwa ujasiri wa mtu wa riwaya. "Ni hadithi moja, anti. Inaanza na kuumbwa kwa dunia, inaisha na mwisho wa dunia. Fuata wakati tu."

Tukaufuata wakati. Mambo yakaenda vizuri mpaka tulipotoka kwa Esta tukamkuta Ayubu.

"Huyu aliishi baada ya Esta?"

"Hapana. Wengi husema ni mtu wa zamani sana, kama wakati wa Ibrahimu."

"Sasa mbona wamemtupa huku?"

Nikarudia kuitazama orodha ya vitabu. Yeye akachochea makaa chini ya chai. Kazi yake ni kuchambua mawaridi kwenye shamba la maua, kwa aina na kwa urefu wa shina, kabla hayajafungwa kwenda ng'ambo, na vidole vyake havitulii hata akiwa amepumzika. Vilikuwa vikipapasa ukingo wa kurasa kana kwamba vinatafuta miiba.

"Kwetu ua haliulizwi lilikatwa saa ngapi," akasema polepole. "Linaulizwa wewe ni wa aina gani. Hebu nisomee majina tena, lakini uniambie kila kimoja ni cha aina gani."

Nikasoma, na kichaka kikaanza kuwa shamba. Vitano vya kwanza ni vya sheria. Kutoka Yoshua mpaka Esta ni historia, wafalme na vita vyao. Ayubu yuko mahali pake kabisa, pamoja na Zaburi na Mithali, kwa sababu hapo ni penye mashairi na hekima. Kisha manabii, wakubwa mbele, wadogo nyuma.

"Wadogo kwa umri?"

"Kwa urefu wa kitabu tu."

"Ahaa! Shina fupi." Alipiga paja lake kwa furaha.

Hapo Agano la Kale linaisha. Katika Jipya kuna Injili nne, watu wanne wakimsimulia Yesu mmoja, halafu Matendo, kitabu cha historia ya kanisa changa, kisha barua. Za Paulo zinatangulia, zikiitwa kwa majina ya waliopelekewa: kwanza makanisa, halafu watu binafsi, na katika kila fungu ndefu huwa mbele na fupi nyuma. Shangazi aliposikia hivyo alisimama kabisa.

"Jirani! Unasikia? Paulo wamempanga kama waridi!"

Jirani alikamua shati bila kugeuka. Yeye ni Mkatoliki. "Yetu iko na vitabu saba zaidi huko kwa Agano la Kale. Nyinyi mlikata matawi."

"Tulipogoa, jirani. Waridi lisipopogolewa halichanui."

"Endelea kupogoa, utabaki na jalada."

Tulicheka mpaka chai ikafurika ikazima nusu ya makaa. Baada ya barua za Paulo tukamaliza zile nyingine, ambazo nyingi huitwa kwa jina la mwandishi, na mwisho Ufunuo, peke yake kama lango la nyuma. Kila jioni wiki ile, akirudi kazini, nilimtajia kitabu naye akakitafuta, huku jirani akimtania kutoka kwenye karai lake.

Jumapili ikafika. Mchungaji akapanda mimbarani, akafuta miwani. "Filemoni, mstari wa nne. Ukipata sema Amina."

Vijana wenye simu walisema Amina papo hapo. Wazee wakafuata. Shangazi alikuwa bado anafunua kurasa. Nilimwona akienda: Injili, Matendo, Warumi, akishuka taratibu kutoka barua ndefu hadi fupi, kidole kikipima. Nilitaka kumsaidia nikajizuia. Mchungaji akaridhika, akaanza kusoma, akafika mstari wa sita. Shangazi akapita Filemoni, akatokea Waebrania, akatingisha kichwa, akarudisha ukurasa mmoja.

"Amina!"

Ilikuwa kubwa, katikati ya sentensi ya mchungaji. Kanisa zima likageuka. Mtu akacheka nyuma. Mchungaji akatazama juu ya miwani yake.

"Mama, sisi tulishafika."

"Nyinyi mlibebwa na simu, mchungaji. Mimi nimekuja kwa miguu."

Kanisa likaangua kicheko, naye mchungaji akacheka, akarudi mstari wa nne akaanza upya. Shangazi alifuata kwa kidole, neno kwa neno, akiwa mahali pamoja na sisi sote.