Mama mkwe wangu hali mbele yangu, na mgawa bukari wa Jumatano ni mimi

Wakuu, habari za mchana. Nawaandikia kutoka Lubumbashi, nimekaa depo, wateja wamepungua, na hasira bado ninayo.

Haya ninayoleta yamenikuta mimi mwenyewe. Majina nimebadili, mengine yote yako vile vile. Kama humu kuna mtu wa Kamalondo atakayenitambua, na anitambue tu. Nimechoka.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Nilishuka Katanga na biashara, nauza mafuta ya kupikia na sabuni kwa jumla. Mke wangu, Mama Gloire, ni wa hapa hapa. Babu yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, wakazaliana Kamalondo, Wakatoliki wa tangu enzi hizo.

Mama yake ndiye mama mkwe wangu. Tumwite Mama Alphonsine. Ni mjane, anaishi peke yake Kamalondo kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu.

Sasa hapa ndipo balaa linapoanzia.

Watu wa mke wangu wana kitu wanakiita buko, heshima ya ukwe, na mkwe wanamwita muko. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Wakiwa na neno la kuambiana wanalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamekaa sebule moja. Na kubwa kuliko yote, hawali wakaonana.

Hata sisi Butembo tunaheshimu wakwe jamani, lakini siyo hivi! Nimeoa mpaka mtoto wa kwanza yuko sekondari, na sijawahi kumwona yule mama akitafuna hata karanga.

Basi. Kule Kampemba kuna centre moja ya kikristo inayoendeshwa na masista. Wazee na wajane wanapewa chakula cha mchana, kuna infirmière, yaani nesi, wa kupima sukari na presha, mabinti waliokwama na shule wanafundishwa kushona. Kazi kubwa inafanywa na watu wa kujitolea.

Kila shirika linapewa siku yake. Shirika huku ni jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa, msije mkafikiri kampuni. Sisi tunakaa nyuma ya Golf, mtaa wa matajiri, siyo kwenye yale majumba, nyuma yake. Juzi juzi shirika letu nalo likapangiwa centre, siku ya Jumatano.

Niseme kidogo kuhusu kujitolea, kwa sababu nalo lina mambo yake. Wapo wanaofika na glavu mpya, wanashika mabega ya bibi mmoja, picha inapigwa, halafu mara simu inaita, dharura, wameondoka. Sufuria zinabaki. Wanabaki wale wale.

Mimi waliona nina mikono ya kubeba magunia, wakanipa mwiko. Nasonga bukari, ugali wa huku, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Ikiiva nasimama dirishani nagawa, sahani kwa sahani, bukari na matembele, siku nzuri na kapenta, dagaa wa huku.

Jumatano ya kwanza niko dirishani, jasho linanitoka, nainua kichwa.

Mama Alphonsine yuko kwenye mstari.

Tukatazamana. Akavuta kitenge usoni, akageuka, akatoka getini bila kukimbia wala kuangalia nyuma.

Mwenzangu wa jikoni, Mama Odette, yeye yupo pale kila siku. Nikamuuliza kama anamjua.

"Ule mama? Anakuyaka kila siku, papa. Infirmière anamupa dawa yake ya sukari asubui, kisha anangojea chakula. Leo sijui juu ya nini amerudia."

Mimi nilijua juu ya nini.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Wakuu, niligeuzwa mimi mkosaji!

"Mama yangu? Kukula ku centre? Papa Gloire, macho yako iko na shida."

Akaenda Kamalondo kumuuliza mama yake. Mama akajibu alikwenda Kampemba kusali na rafiki. Mke wangu akarudi ameridhika kabisa. Kaka yake mkubwa yuko Kolwezi, kazi ya mgodi, ndiye anayemtunza mama. Ni hivyo tangu zamani, nani angekuwa na wasiwasi?

Kuna watakaouliza kwa nini mimi mwenye depo sikumsaidia. Nilituma! Mafuta, unga, sabuni. Kila mara vilirudi na salamu nzuri: mama anashukuru, mtoto wake wa Kolwezi ameshaleta.

Jumatano ya pili yakawa yale yale. Alifika, akatazama dirishani, akarudi na njaa. Na dawa ameshameza.

Nikasema hapana, hili nalitatua. Kwa akili yangu ndogo nilidhani ni jambo la kubadilishiwa siku tu.

Nikaenda kwa Papa Donatien, président wa shirika letu. Nikamweleza polepole kama namweleza mtoto. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Nimesikia, papa. Ile tutaiweka mu divers."

Divers ni yale mengineyo ya mwisho wa kikao. Tukakaa kikao. Sala ya kufungua, neno la président, neno la makamu, kisha ajenda ya pagne, kitenge cha sare, ya sikukuu ya parokia. Bluu yenye maua au bluu bila maua? Watu wazima, wenye familia zao, walibishana kuhusu maua mpaka koo zikakauka. Divers hatukufika. Sala ya kufunga.

Nikaenda kwa Sista Clarisse, mkuu wa centre. Ana moyo mzuri yule, sisemi. Lakini anatoka mbali na mambo haya.

"Papa, mbele ya Mungu hakuna buko. Fanya kazi yako, mama atazoea."

Atazoea! Mtu amelelewa hivyo tangu anatambaa, atazoea kati ya Jumatano na Jumatano?

Nikaona nijifiche. Jumatano iliyofuata nikasonga bukari, nikamwachia Mama Odette dirisha, nikajifungia stoo kati ya magunia ya unga. Nimekaa mle navuta vumbi, najiona mjanja. Baadaye Mama Odette akaja kunifungulia, uso umemshuka.

"Alifika mpaka ku geti, papa. Akaona moto yako."

Pikipiki yangu. Nimeiegesha getini, nyekundu, na jina la mtoto wangu limeandikwa nyuma. Nilijipiga kofi la paji la uso, nawaambia.

Wiki iliyofuata pikipiki nikaiacha depo, nikaja kwa mguu. Lakini siku hiyo bukari ilichelewa, makaa yalikuwa na unyevu, na nilikuwa uani napepea moto pale alipotoka kwa infirmière. Tukakutana uso kwa uso. Nikageukia ukuta haraka. Yeye akageukia geti.

Hakulifikia. Nilisikia kishindo, nikageuka tena. Mama yuko chini kwenye jua, kitenge kimefunika nusu ya uso, mkono unatetemeka.

Nikaruka. Na hapo ndipo niliposhikwa shati na wanashirika wenzangu. Wananizuia!

"Papa, hapana! Njo muko yako ule! Hapana kumugusa!"

"Basi mumubebe ninyi!"

Wakatazamana. Mmoja akasema waitwe bamama wa jikoni. Mwingine akasema itafutwe mkeka. Papa Donatien alikuwepo, akaanza kusema wasiharakishe, kwanza aulizwe mtu wa familia.

Wakuu, nilipasuka. Nikapiga kelele mpaka mabinti wa kushona wakatoka nje. "Mimi ndiye familia! Huyu akifia hapa mtamweka mu divers?"

Nikamnyanyua, nikampeleka kwa infirmière. Alikuwa mwepesi, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko lolote. Mimi nabeba magunia, najua uzito. Ule haukuwa uzito wa mtu anayetunzwa na mwanawe.

Infirmière akampima, akamtilia maji ya sukari mdomoni kidogo kidogo. Akatugeukia, amekasirika kweli.

"Amemeza dawa na hakukula kintu. Sukari imeshuka chini kabisa. Ni nani alimunyima chakula?"

Mimi niliyekuja kugawa chakula nikaangalia viatu vyangu.

Mama akafumbua macho. Akaniona nimesimama pale. Akayafumba tena. Kisha kwa sauti ndogo, lakini yenye amri:

"Mama Odette, ambia ule papa aangalie ku ukuta."

Nikaangalia ukuta. Ningefanya nini?

Mke wangu akaitwa, akaja mbio. Nikiwa bado nimeelekea ukutani nikasikia yote. Kaka yake wa Kolwezi alisimamishwa kazi mwaka jana. Hana kitu. Mama amekuwa akificha. Kamalondo kila mtu anamfahamu, ndiyo maana alivuka mpaka Kampemba, na alijua mimi kutwa nashinda depo.

"Juu ya nini haukuniambia, mama?" Mke wangu analia.

"Ningekuambia, ungelisha mama yako na chakula ya muko. Bantu bangesema nini?"

Mke wangu akalia mpaka nikataka kugeuka. Sikugeuka.

Mngedhani yameishia hapo, siyo? Subirini.

Siku chache baadaye akaja Tonton Sylvestre, kaka wa mama mkwe. Amevaa koti. Nikajua tu, koti lile siyo la kunishukuru. Akasema mimi nilimbeba muko wangu mbele ya watu, jambo hilo haliwezi kuachwa wazi, lazima litengenezwe. Nilete kuku na kitenge.

"Tonton, nilimwokoa!"

"Tunajua, mwana. Njo maana tunaomba kuku. Hatukuomba mbuzi."

Mke wangu ananikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze.

Nikapeleka kuku. Nikapeleka na kitenge. Nikajipa moyo kwamba angalau baada ya hapo buko limeisha, mama atakula popote nilipo. Nikauliza kwa adabu. Tonton akacheka, akanigonga bega.

"Ile kuku ni ya kubeba. Ya kukula iko ingine, na wakati yake haiyafika."

Sikuuliza wakati wake unafika lini.

Kuhamia kwetu mama alikataa, hawezi kulala chini ya paa la muko wake. Unga wa binti yake siku hizi anaupokea, hilo ni jipya. Lakini dawa bado anapewa centre, na infirmière amesema wazi kwamba ale pale pale, mbele ya macho yake. Na Jumatano bado ni yangu. Divers mpaka leo hatujafika.

Basi nikafanya langu. Ile pagne ya sikukuu ilikuwa imeshatolewa, bluu yenye maua, kila mwanashirika na kipande chake. Changu nilikuwa sijakipeleka kwa fundi. Nikaenda nacho centre, nikafunga kamba kwenye kona ya ukumbi karibu na dirisha langu, nikakitundika mpaka chini. Nyuma yake Mama Odette akaweka kiti na meza ndogo.

Papa Donatien akaja juu. "Papa! Pagne ya sikukuu!"

Nikamwambia ile aiweke mu divers.

Mama akafika. Akaiona ile pagne. Akasimama mbele yake kitambo, kisha akapita nyuma yake akaketi. Nikajaza sahani, Mama Odette akaipeleka. Nikarudi kwenye mwiko wangu, lakini masikio yangu yote yalikuwa kule.



Kisha sauti kutoka nyuma ya kitambaa: "Mama Odette, ambia ule papa, bukari yake haiive muzuri."

Haiivi! Baada ya stoo, baada ya vumbi, baada ya kuku! Nikafungua mdomo nijibu, nikaona mkono unapita chini ya pagne, unasukuma sahani nje.

Ilikuwa tupu. Hata jani la matembele halikubaki.

Nikafunga mdomo. Nilifuta uso na mkono, nikasingizia moshi.

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Tunakwenda kusaidia watu tunahesabu sahani tulizogawa, na tunarudi nyumbani tumefurahi. Siku hizi mimi nauliza kwanza nani hakula kwa sababu mimi nipo pale. Wakati mwingine mtu hahitaji hotuba wala kikao, anahitaji kitambaa cha kujificha ale chakula chake kwa heshima.

Haya, uwanja wenu. Mnaojua buko niambieni ile kuku ya kula inatolewa lini, maana hapa kila mmoja ananijibu lake. Na wale wa "achana na mila za kizamani", nanyi njooni, ila mje mmebeba mwiko.

Kesho ni Jumatano. Nakwenda mapema nikawashe makaa, isije ikasemwa tena haijaiva.