Fundi anayetuliza magari ya wazee

Jua halijapanda vizuri, na fundi yuko uvunguni mwa gari, miguu peke yake ndiyo inayoonekana. Gari lenyewe ni la zamani, pua ndefu, rangi ya maziwa. Mwenye gari, dereva mstaafu aliyevaa koti kama anakwenda harusini, anazunguka gereji hana pa kukaa. Mkewe yuko kwenye benchi, mkoba mapajani, hacheki.

Leo hakuna mchezo. Bibi amesema atapanda mara moja tu. Likimtikisa tena, liuzwe, mnunuzi ameshapatikana.

"Mimi sina ugomvi na mume wangu wala gari lake," anasema. "Lakini nikishuka humo, meno yanagongana mpaka nafika jikoni."

Majirani humwita fundi huyu Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimnyeshea. Alianza kwa kuosha vyuma kwenye gereji ya mjomba wake, na sasa ana zaidi ya miaka ishirini kazini. Magari mapya hayakatai, ila ya zamani ndiyo yanayomwamsha mapema.

Anaeleza kwamba injini haikai kwenye chuma kitupu. Imekalia raba, na raba ndizo zinazomeza mtikisiko. Za gari hili zilikuwa zimekauka na kupasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Za aina ile hazitengenezwi tena, basi akatafuta za gari la kisasa, zenye mafuta ndani, akachonga vipande vya chuma ili zikae sawasawa.

Wiki iliyopita alizifunga, akazikaza kwelikweli, akajisifu. Wenye gari hawakufika mbali. Bibi aliteremka kona ya kwanza, akamalizia safari kwa miguu, mume akimfuata polepole na gari linalotetemeka, akimbembeleza kupitia dirishani. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka.

"Siku hiyo nilikuwa na haraka, mimi huyu huyu Taratibu," anasema fundi. "Nilikaza nati injini ikiwa bado imebebwa na jeki. Raba zikajipinda. Injini ni mgeni, bwana. Mwache kwanza ajikalie anavyotaka, ndipo umsogezee meza."

Safari hii amelegeza nati zote, akawasha injini, akaiacha ijitafutie mkao wake. Ilipotulia akaizima, akakaza nati moja baada ya nyingine. Sasa anatoka uvunguni, anafuta mikono, anamfungulia bibi mlango.

Bibi anaingia, anakumbatia mkoba, anafumba macho. Mume anageuza ufunguo. Wanakaa.

"Haya, washeni basi," anasema bibi. "Nimeshajikaza."

"Imewaka, mke wangu," mume anamjibu. "Imewaka kitambo."

Bibi anafumbua jicho moja. Anaweka kiganja kwenye dashibodi, anasikiliza, kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Anamwambia mumewe washike barabara, tena asipite njia ya mkato. Huyo mnunuzi apigiwe simu, atafute lingine.

Nyuma ya gereji lipo pikapu aliloachiwa Taratibu na marehemu baba yake, limekalia mawe, kuku wamelifanya chumba. Mama yake husema lilimvunja kiuno na hataki kulisikia. Fundi ameshalitafutia raba mpya, na mwaka huu anataka kumpeleka nalo sokoni.

"Zamani nikimwendesha humo, mama alikuwa akinisihi nipunguze mwendo," anasema. "Nataka safari hiyo aniambie, mwanangu, kanyaga."