Kosa Si Lako

Madereva waliotumia mfumo wetu wa mizigo pale Busia waliogopa sana seva ilipoanguka. Walidhani wao ndio wameiharibu. Mimi, fundi wa mfumo, nikauondoa ule ukurasa mweupe wa Kiingereza uliotangaza kosa, nikaandika maneno yangu: “Pole. Kosa si lako. Tumeshaliona.” Mfumo ulipokwama popote, hayo ndiyo maneno yaliyoonekana kwenye kioo.

Kisha karani wetu mmoja wa forodha akafa kwa ajali kwenye barabara ya Tororo. Baada ya mazishi niliagizwa nimwondoe kwenye orodha ya watumiaji, nikamwondoa.

Wiki iliyofuata, nikipitia kumbukumbu za seva, nikakuta kosa la 500, lile la seva kuanguka. Namba ya mtumiaji ilikuwa yake. Saa tatu na dakika tano asubuhi, kitufe cha “Nimefika”. Kesho yake, saa ile ile. Siku ya tatu, tena. Tulikaa meza moja miaka miwili, na hiyo ndiyo saa aliyozoea kuripoti mpakani.

Kiufundi halikuwa jambo la ajabu: akaunti ilikuwa bado wazi kwenye simu yake, seva ilimtafuta mwenye akaunti kwenye orodha, ikamkosa, ikaanguka. Lakini nani alikuwa anabonyeza?

Nilipanda boda boda hadi kwake, Mulanda. Nilimkuta mjane wake akianika mihogo, simu imefungwa kwenye pindo la kanga.

“Yeye alikuwa anabonyeza hapa akifika kazini,” aliniambia. “Sasa nabonyeza mimi. Namwuliza kama amefika. Ananijibu.”

Akabonyeza, akanionyesha kioo: “Pole. Kosa si lako. Tumeshaliona.”

“Mama, maneno hayo niliyaandika mimi.”

Hakushtuka. “Wewe ulijuaje?”

“Nilijuaje nini?”

“Siku ya ajali tuligombana. Akatoka bila kunywa chai. Sijamwambia mtu. Ulijuaje kama kosa si langu?”

Nilikitazama kioo cha simu. Maneno yalikuwa yangu, lakini sikuyatambua.

Marekebisho ya programu yalikuwa mistari minne tu: mtumiaji akikosekana, seva isianguke, iseme akaunti imefungwa. Niliyaandika jioni hiyo, nikakaa nayo wiki nzima. Bosi aliponiuliza kuhusu kosa lile, nikayapandisha kwenye seva.

Asubuhi yake, saa tatu na dakika tano, ombi kutoka namba yake likaingia kwenye seva. Dakika moja baadaye, jingine. Yakaja saba, manane, mfululizo, kama mtu anayegonga mlango. Halafu kimya.

Siku hiyo hiyo niliyarudisha maneno ya zamani, kwa namba ile moja tu. Hakuna aliyeyaomba tena.