Sill Aliyekaangwa na Dada

Mpishi mkuu aliniambia huku akifuta mikono: "Lete sill wako Ijumaa. Akiwa mzuri, unatoka kwenye masufuria."

Masufuria ndiyo yalikuwa kazi yangu katika jiko la nyumba ya wazee, kuyasugua kutwa. Nilichotamani ni meza ya vyakula baridi pale dirishani, wanapokata samaki na kupanga saladi. Niliitikia kwa utulivu, kisha nikaingia stoo nikarukaruka peke yangu.

Sill ni samaki wa chumvi. Waswidi humlaza kwenye siki na sukari wakamla baridi, hajaona moto, na sikukuu ya kiangazi, ndiyo hiyo Ijumaa, haiwi sikukuu bila yeye. Sikufundishwa upishi na mtu. Nilijifunza kwa kuchungulia. Vipimo nilishaviiba kwa masikio: kimoja cha siki, viwili vya sukari, vitatu vya maji. Nikawa navirudia kwenye treni mpaka Rågsved ninakoishi, midomo ikicheza, hadi mama mmoja akahama kiti.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kupima kitu, kukipima tena, na bado usingizi usije. Nililoweka minofu kwenye maji baridi ili chumvi itoke, nikaonja, nikatema, nikabadilisha maji. Vitunguu nilivikata vyembamba hata mwanga ukapita. Vilivyotoka vinene nilivila, nisivione tena. Alhamisi asubuhi nilimwacha samaki kwenye bakuli la maji ndani ya friji, na siki yangu tamu ikipoa kando. Jioni ningewakutanisha. Nilikwenda kazini nikipiga mluzi.

Niliporudi, harufu ilinipokea koridoni. Harufu nzuri mno. Ndiyo iliyonitisha.

"Karibu, mdogo wangu," alisema dada yangu, mwiko mkononi. Tuliishi pamoja, yeye alisafisha maofisi na kurudi mchana. "Ulimsahau samaki kwenye maji. Angeoza. Nimekukaangia."

"Wote?"

"Sasa nibakize wa nani?"

"Dada! Yule analiwa hivyohivyo, mbichi!"

Alinitazama kana kwamba nina homa. "Mbichi? Uwapelekee vikongwe? Unataka kuwamaliza wazee wa watu siku ya sikukuu yao?"

Maduka yalishafungwa. Nilikaa sakafuni nikaona masufuria yakinisubiri maisha yangu yote. Dada aliniwekea kipande mdomoni kama nilipokuwa mdogo. Kilikuwa na chumvi ya kutosha, ukoko mwembamba wa unga, na ndani laini.

"Na hii siki je?" aliuliza, akichovya kidole. "Tamu! Si umwagie tu, kama samaki wa nyumbani?"

Nikasimama. Ningempeleka hivyohivyo, wa kukaangwa. Tulimpanga samaki kwenye mtungi, tabaka la samaki, tabaka la vitunguu, dada akipanga ovyo, mimi nikinyoosha nyuma yake. Siki ilipomiminwa, ukoko uliinywa mbele ya macho yetu.

Asubuhi, kabla mpishi mkuu hajafunua kifuniko, nilikuwa nimeshaungama yote, hata vile vitunguu nilivyokula. Alionja. Akachukua kipande cha pili.

"Huyu si sill niliyemwomba," alisema. "Huyu ni yule wa mama yangu. Alikuwa akimkaanga kwanza, ndipo anamtia kwenye siki. Sijamla tangu alipofariki." Akanisukumia kisu, akaelekeza kidevu dirishani. "Kata viazi. Vyembamba, kama hivyo vitunguu."

"Na masufuria?"

"Leo nitasugua mimi."

Nilikata viazi, na kila kipande kilichopinda nikakikata upya.

Jioni dada alikuwa amekaa mlangoni, hajavua hata koti.

"Wazee wako hai?"

"Wote. Wameomba tena."

"Unaona," alisema. "Na wewe ulitaka kuwapa mbichi."