Majani ya Karibu na Robine

Pasipalumu ni majani yenye kiburi, kama mimi. Ukiyakanyaga yanalala, kesho yamesimama. Bwana wangu aliendesha kreni ya kampani pale Kolwezi, Katanga, na kampani ilitupa nyumba ya matofali yenye kiwanja mbele. Mi nilisoma miaka miwili tu kwa masista, lakini majani yale niliyapanda kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, na watu waliokwenda kanisani walipunguza mwendo ili wayatazame. Nilijua wanatazama. Nilikaa barazani makusudi.

Mvua za kwanza za mwaka ule mbaya zilipoanguka, yakatoka madoa ya manjano. La kwanza lilikuwa ukubwa wa sahani, karibu na robine, bomba tulilokuwa tunachotea maji. Kisha yakawa matatu. Kila asubuhi kunguru wenye kifua cheupe walishuka wakachokoa palepale. Nikasema ni nyenze, wale tunaowakaanga kwa chumvi. Nyenze ukimmwagia maji ya sabuni anatoka mwenyewe shimoni. Nikamwaga ndoo nzima. Walitoka wawili. Nikatia majivu nikidhani ni siafu. Madoa yakapanuka.

Wakati uleule redio na mikutano vilikuwa vinasema watu wa Kasai kama sisi warudi kwao. Baba yangu aliletwa kutoka huko kuchimba shaba, mi nilizaliwa Kolwezi, Kasai sikuijua hata kwa picha. Jina walilotupa lilikuwa bilulu, yaani wadudu. Vijana waliliimba sokoni. Mama wa mihogo niliyemzoea aliniuzia akitazama pembeni, halafu akaacha kuniuzia kabisa.

Ng'ambo ya ua aliishi mwanamke wa kaskazini ya Katanga, kwa hiyo yeye hakuna aliyemgusa. Miaka yote tulishindana, yeye nyanya zake, mi majani yangu. Alinicheka kwamba napanda kitu ambacho hata mbuzi sina wa kumpa. Siku moja alinitazama na ndoo yangu ya sabuni, akashindwa kuvumilia.

“Mama, aba habasikiaka sabuni. Vuta majani.”

Nikavuta. Yakanyanyuka yote kama mkeka, bila mzizi hata mmoja. Chini yake walilala funza weupe, wanene, wamejikunja kama kidole, kichwa rangi ya kutu. Alinieleza kwamba wanatagwa na wale mbawakawa wa mvua, na kwamba dawa ni mkono: fungua, okota, acha kuku wamalizie, kisha laza majani, kanyaga, mwagia maji mpaka yashike. Niliudhika kufundishwa naye. Nikaacha kazi ile kwa kesho, na kesho ikawa na mambo mengine.

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Vijana walipokuja kupiga mawe mabati yetu, alianguka mlangoni. Siku ya pili mtoto akatoka, wa kiume, bila kulia. Wanaume wetu walikuwa wamekwenda stesheni kushika nafasi ya kulala, kwa sababu treni ya kuturudisha Kasai haikujulikana itakuja lini. Kwetu mtoto asiyelia haendi makaburini na mwanamume hamgusi. Wanawake wanamzika karibu na nyumba, penye ubichi wa maji, bila kilio, ili mama yake azae tena. Akifukuliwa, tumbo la mama yake limefungwa. Ndivyo tunavyoamini, na siombi ruhusa ya mtu.

Nilimzika karibu na robine. Majani yalikuwa yamekwisha kuachia, sikuhitaji hata jembe kuyatoa. Nikachimba, nikamlaza katika kitambaa cha ubatizo cha mama yake, nikafunika, nikarudisha majani juu.

Ndipo nikaona ujinga wangu. Waliokuwa wanapora nyumba zetu walitembea na nondo, wakichoma udongo kutafuta sufuria na cherehani tulizozika. Walitafuta hasa majani yaliyokauka, kwa kuwa yanaonyesha palipochimbwa. Na mi nilikuwa nimemlaza mjukuu wangu chini ya majani yasiyo na mizizi, katikati ya funza. Siku tatu tu, na pale patakuwa manjano kama bendera.

Nilimwita jirani kwenye ua. Aliyaona macho yangu, akaona binti yangu amelala na tumbo limeshuka, akaelewa, akaleta kuku wake wanne. Tulipiga magoti asubuhi mpaka jua la utosi, tunafungua kandokando, tunaokota, tunajaza kopo. Vijana watatu wakasimama njiani.

“Mama, unatafuta nini?”

“Bilulu,” nilisema.

“Kilulu anatafuta ndugu zake,” mmoja akasema, wakacheka mpaka wakashika magoti. Jirani hakuinua kichwa. Aliwaambia mama zao waliwalea vibaya, wapite. Wakapita.

Jioni tulikwenda stesheni na mabunda mawili. Yeye alisema atamwagia maji. Sikumshukuru, nilijitwisha bunda langu nikatangulia.

Stesheni tulilala majuma mengi juu ya saruji. Bwana wangu aliharisha, akafa kabla ya treni, na yeye alizikwa na watu nisiowajua. Treni ilipokuja ilisimama njiani, Lubudi, siku mbili juani. Sitasema zaidi juu ya treni.

Huko Kasai binti yangu alipoteza mimba mbili. Ya kwanza ilipotoka nilijua: wamemfukua. Ya pili ilipotoka nilimlaani yule jirani, jina lake na nyanya zake, kila siku nikisonga bukari, ugali wetu. Nilisema alimuuza mjukuu wangu kwa sufuria. Ya tatu ilikaa. Ni msichana, leo yuko chuo kikuu Lubumbashi anasoma mambo ya udongo, na anaandika kuliko wote wa ukoo wetu. Hata alipozaliwa sikuiondoa laana.

Ni yeye aliyenirudisha Kolwezi. Kiwanja changu hakipo. Waliochimba sufuria walifuatwa na waliochimba madini. Mashimo yamefika hata chini ya baraza, yameshikiliwa na miti. Lakini karibu na robine, ambayo haitoi tena maji, kuna majani ukubwa wa mkeka, ya kijani, yamezungushiwa mawe.

Binti wa jirani alitoka. Mama yake alikufa zamani. Alinisimulia kwamba kila mvua za kwanza mama yake alikuwa anavuta majani yale, anaokota funza, anamwagia maji aliyoyabeba kichwani kutoka mbali, na wachimbaji aliwaambia hapo amelala mtoto wake mwenyewe. Ndiyo maana walimwogopa wakapaacha, na alipokufa binti akaendelea kuyatunza.

Niliinama nikayashika kwa mikono miwili, nikavuta. Yalikataa. Nikavuta tena kwa nguvu zote za uzee huu, na mjukuu wangu akaniuliza, “Koko, unafanya nini?” Nilimwomba yule binti anionyeshe kaburi la mama yake. Akasema liko upande wa mgodi mpya, na huko hawaruhusu watu kuingia.