Manjano Yasiyotoka

Nilipokuwa mtoto kule Likoni, miaka miwili mitatu kabla ya Uhuru, kazi ya kufua mawinda, yaani nepi, ya mdogo wangu mchanga Salimu ilikuwa yangu. Nayo ilikuwa na masharti! Nyanya, mamake mama, alishika arobaini kama alivyoshika swala. Mzazi na mtoto hawatoki nje siku arobaini, wala winda halianikwi uani, ndege wa usiku asije akapita juu yake mtoto akashikwa na dege, akatetemeka mwili mzima. Basi nikiyaanika ndani, kwenye kamba juu ya seredani ya makaa.

Kila asubuhi Nyanya alimkanda Mama, kisha akampaka mtoto manjano ya kusaga mwili mzima. Kwa hivyo Salimu alipozidi kuwa wa manjano, majirani waliokuja kumtazama walicheka: "Huyu kakolea, mashallah!" Nyanya naye akafurahi. Kosa hilo ni sisi tu wa kulifanya, kuufunika ugonjwa kwa urembo.

Mimi nikiona mengine. Mavi yake yalikuwa meupe kama unga wa muhogo uliorowa, na mkojo uliacha madoa ya rangi ya chai. Nilinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikwisha kuonywa kwamba ya chumba cha uzazi hayasemwi.

Siku ya ishirini na tano Nyanya aliona winda lenye doa.

"Mwanaisha!"

"Abee."

"Huku ndiko kufua, au umelionyesha maji tu?"

"Halitoki, Nyanya. Na mavi yake ni meupe, siku nyingi."

Hakunigombeza. Alitia maji ya vuguvugu karaini, akamwosha Salimu kwa sabuni mara tatu, mpaka maji yakabaki safi. Mtoto akawa wa manjano vile vile. Akamfunua jicho, nalo pia la manjano.

"Ya Rabi! Manjano haya si yangu niliyompaka."

Akavaa buibui, akamfunga mtoto kwa leso. Jirani akamzuia mlangoni: "Bi Fatuma, arobaini haijaisha! Na kijicho cha watu je?"

"Kingoje hapo hapo. Nikirudi tutapambana."

Akavuka feri naye. Hospitalini daktari alimwambia njia ya nyongo, ile itokayo kwenye ini kwenda matumboni, imeziba, na dawa hakuna. Salimu aliishi miezi mitano. Alijua kucheka, na akimwona Nyanya alirusha miguu.

Mtaani wakasema angepona, ila alitolewa kabla ya arobaini. Nyanya hakubisha. Tangu hapo hakukubali tena kumpakata mtoto mchanga wa mtu.

Nilipokua nikasomea uuguzi. Siku tuliyofunzwa ugonjwa ule sikulala, na likizo ilipofika nilikwenda kwake moja kwa moja. Nikamweleza kwamba njia ile ilikuwa imeharibika tangu Salimu yumo tumboni mwa Mama, na kwamba zama zile hapakuwa na mtu Mombasa wa kuitengeneza.

"Kwa hivyo sikumuua kwa kumtoa?"

"Hukumuua, Nyanya."

"Apa."

"Wallahi."

Akalia kwa sauti, mtu mzima yule, nami nikalia naye, maana nilikuwa nimejilaumu miaka yote kwa kunyamaza kwangu.

Watu huzicheka mila za wazee wetu, nami huwaacha wacheke. Lakini nilimwona bibi aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba nje ya mlango kuna mauti, akatoka na mjukuu wake kumtafutia uzima, akijua lawama itakuwa yake peke yake. Mapenzi makubwa kuliko hayo mimi sijayaona.